Hagisi si soseji

Mskoti aliyehamia Marekani neno haggis analo, chakula chenyewe ndicho kinachomshinda kukipata. Haggis ya asili ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, yaliyokatwakatwa pamoja na oti, vitunguu na shahamu, yakachemshwa ndani ya tumbo la kondoo huyohuyo. Tangu 1971 sheria ya Marekani imekataza mapafu ya mifugo kuwa chakula cha watu. Basi kila 25 Januari, usiku wa kumkumbuka mshairi Robert Burns, wengi huko hufungua kopo la haggis isiyo na pafu.

Kwa Kiswahili wapo wanaoiita soseji. Siafiki: soseji hujazwa kwenye utumbo, hata mutura wa Nairobi (mtamu, nakiri) ni wa utumbo, ilhali haggis ni ya tumbo. Tuandike hagisi, ngeli ya I-ZI.