Fahamu: Kelele, ukubwa na diski za mashine ya gemu

Ukipita Mabibo jioni, iwe jirani na soko la ndizi au kuelekea hosteli za wanafunzi, si ajabu kukuta kibanda cha gemu: televisheni mbili tatu, benchi, na vijana wanabishania zamu ya kushika pedi. Wapo wanaoshusha ndizi sokoni hapo na kurudi kijijini na wazo: nami ninunue mashine iliyotumika, nifungue kibanda changu.

Msikilizaji, kabla hujatoa fedha ya mavuno, tuelewane mambo matatu: kelele, ukubwa wa mashine, na mahali gemu inapohifadhiwa. Yote matatu yanategemeana. Ukipunguza moja, jingine linakudai.

Kelele inatoka wapi?

Ndani ya mashine kuna prosesa inayozalisha joto, na feni inayolitoa nje. Joto likipanda, feni huongeza kasi. Feni ndogo hulazimika kuzunguka haraka kuliko kubwa ili isukume hewa ileile, ndiyo maana hulia sana. Diski inayozunguka nayo ina sauti yake.

Kwa hiyo PS4 inayonguruma kama mashine ya kusaga haijafa. Mara nyingi imejaa vumbi, au dawa ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa imekauka. Fundi anaweza kurekebisha yote mawili. Ukipuuza, joto litaiua. Xbox 360, iliyotoka mwaka 2005, iliharibika kwa wingi hadi mwaka 2007 kampuni ya Microsoft ikaongeza dhamana yake kuwa miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili hiyo.

Ndogo au kubwa?

PS2 ya kwanza, ya mwaka 2000, ilikuwa pana na nzito. Ile nyembamba ya mwaka 2004 ilipungua kwa sababu, pamoja na mengine, kifaa cha umeme kilitolewa nje kikawa adapta. Ni nyepesi kubeba, lakini adapta ikipotea au kuungua, mashine inalala.

PS5 ya mwaka 2020 ilikwenda njia nyingine: ina urefu wa karibu sentimita 39, na feni yenye upana wa sentimita 12. Inakula nafasi, ila inapumua vizuri na haina kelele nyingi.

Diski au bando?

Gemu za PS2 husomwa kutoka kwenye CD au DVD, na hatua ulizofikia huhifadhiwa kwenye kadi ya MB 8. Haihitaji intaneti. PS4 hunakili gemu kutoka kwenye diski hadi kwenye hadi diski ya ndani. Zile za mwanzo zilikuwa na GB 500, na gemu moja kubwa inaweza kula GB 50 au zaidi. PS5 hutumia hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka, hivyo ni ya haraka na haitoi sauti. Lakini toleo lake la Digital Edition la mwaka 2020 halina mahali pa kuweka diski. Kila gemu lazima ipakuliwe, na huwezi kuazima wala kununua diski iliyotumika. Kijijini, hapo bando litakula faida yako.

Kabla ya kununua

- Mwombe muuzaji aiwashe na kuichezesha nusu saa. Sikiliza feni, na uone kama itajizima.
- Jaribu diski zaidi ya moja.
- Ukiifungia kwenye sanduku la mbao kwa kuogopa wezi, toboa matundu makubwa ubavuni na nyuma.
- Iweke juu ya meza, mbali na vumbi la sakafu. Usiifunike kitambaa ikiwa inafanya kazi.

Kwa kibanda cha kijijini, mashine ya diski, hata ikiwa kubwa na yenye kelele kidogo, inakufaa kuliko ndogo inayodai intaneti kila siku.