Sloti Isiyo na Tundu

Kompyuta za MSX zilizotengenezwa Japani miaka ya 1980 zinatambulika kwa urahisi. Juu ya kava, au mara nyingine upande wa nyuma, pana tundu refu lenye kifuniko cha plastiki, na mashine nyingi zina matundu mawili. Humo huchomekwa katriji ya mchezo, ya memori ya ziada, ya kuendeshea diski au ya sauti. Waingereza huliita slot, nasi tumelitohoa neno hilo likawa sloti. Mfasiri mwenye haraka ataandika “tundu” na kuendelea na kazi yake, na kwa kurasa chache za mwanzo za mwongozo hatapata shida yoyote.

Shida huanza anapofika kwenye sentensi inayosema kwamba programu ya msingi ya mashine, ile inayoiamsha ukiiwasha, iko katika sloti namba 0. Atalitafuta tundu namba 0 na hataliona, kwa sababu halipo. Sloti ipo, tundu halipo. Hapo ndipo istilahi hii inapohitaji kufikiriwa upya.

Tuanze na MSX yenyewe. Haikuwa kompyuta ya kampuni moja. Ilikuwa kanuni ya pamoja, iliyotangazwa Juni 1983 na kubuniwa na Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII kwa ushirikiano na Microsoft. Sony, Panasonic, Toshiba, Sanyo, Yamaha na wengineo walitengeneza mashine zao kwa kuifuata. Katriji iliyonunuliwa kwa ajili ya mashine ya Sony ilitakiwa ifanye kazi kwenye ya Toshiba bila kubadilishwa chochote. Makubaliano hayo yote yalisimama juu ya sloti: pini 50 zilizopangwa kwa namna moja, na utaratibu mmoja wa prosesa kuzifikia.

Utaratibu huo ndio wenye utamu. Prosesa ya Z80, inayokwenda kwa megahezi 3.58, haiwezi kuona zaidi ya kilobaiti 64 kwa wakati mmoja. Wabunifu wakaipa sloti kuu nne, namba 0 hadi 3, kila moja ikiwa na kilobaiti 64 zake, kisha wakazigawa kilobaiti 64 ambazo prosesa inaziona katika kurasa nne za kilobaiti 16. Kila ukurasa unaweza kuchukuliwa kutoka sloti yoyote. Ni kama msomaji aliyefungua vitabu vinne mezani, akasoma ukurasa wa kwanza katika kimoja, wa pili katika kingine, na wa tatu katika kingine tena. Anayeamua kitabu gani kisomwe ni rejista moja ya biti nane, biti mbili kwa kila ukurasa.

Hesabu haikuishia hapo. Kila sloti kuu iliruhusiwa kutoa matawi manne. Nne mara nne ni kumi na sita, na kumi na sita mara kilobaiti 64 ni megabaiti moja, kiasi kikubwa sana kwa kompyuta ya nyumbani ya mwaka 1983. Programu hujua kama sloti fulani ina matawi kwa hila ndogo inayonifurahisha kila ninapoikumbuka: huandika namba katika anwani ya mwisho kabisa ya kilobaiti 64, kisha huisoma. Ikirudi na kila biti imegeuzwa, 0 kuwa 1 na 1 kuwa 0, basi matawi yapo.

Kwa hiyo sloti ya MSX ni mahali ambapo prosesa inaweza kuelekeza macho. Baadhi ya mahali hapo pana tundu kwa nje, na pengi hapana. Mfano mzuri ni Sakhr, kompyuta za MSX zilizouzwa na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait, ambazo wasomaji wetu wa Ghuba waliokuwa shule wakati ule huenda wanazikumbuka. Programu ya kuandikia Kiarabu katika modeli kama AX-170 imekaa ndani ya mashine. Prosesa huifikia kama inavyofikia katriji, lakini hakuna mkono uliowahi kuichomeka.

Napendekeza basi maneno mawili. Pale mkono unapoingiza kitu, tuseme tundu. Pale prosesa inapochagua, tuseme nafasi: nafasi kuu kwa zile nne za mwanzo, na nafasi tanzu kwa matawi yake, kwa mfano ule ule wa kampuni tanzu. Sloti ibaki kwa mazungumzo ya kawaida, kama mafundi simu wanavyolitumia, pale ambapo kutofautisha hakuna faida.

Kwa anayetaka kuiongezea mashine yake nguvu, tofauti hii inagusa mfuko. Tuseme ana mashine yenye tundu moja. Anaagiza kisanduku cha kupanulia, kinachochomekwa humo na kumpa matundu manne. Halafu anapata katriji ya kisasa iliyokusanya mambo kadhaa pamoja: memori, kadi ya SD badala ya diski, na sauti. Katriji ya aina hiyo hugawa nafasi yake yenyewe katika tanzu nne. Akiichomeka kwenye kisanduku inaingia vizuri kabisa, na haifanyi kazi. Sababu ni kwamba matundu yote ya kisanduku tayari ni nafasi tanzu, na tanzu haigawanyiki tena. Anayejua tundu peke yake atadhani kauziwa kitu kibovu. Anayejua nafasi ataihamishia katriji kwenye tundu la mashine yenyewe, ambalo ni nafasi kuu, na itawaka.

Mtego wa kitu kuingia bila kuafikiana uko pia upande wa televisheni. Mashine nyingi za Japani za kizazi cha MSX2, kilichoanza mwaka 1985, zina tundu la picha la pini 21 lenye umbo lile lile la soketi ya SCART ya Ulaya. Waya zake lakini zimepangwa tofauti, na kuunganisha kimojawapo na kingine moja kwa moja kunaweza kuunguza kitu. Umeme nao ni hivyo hivyo: mashine ya Japani inataka volti 100, wakati ukutani kwetu ni 230 au 240. Pasipo transfoma ya kupunguza, mengine yote niliyoeleza hayatakusaidia.

Mwandishi wa mwongozo wa Kiswahili na aandike “chomeka katriji katika tundu la 1”, kisha aandike “memori iko katika nafasi 3-2”, yaani nafasi kuu ya 3, tanzu ya 2, kama wenyewe wa MSX wanavyohesabu. Nawe msomaji, kabla ya kuchomeka au kuchomoa katriji yoyote, zima mashine kwanza.