Kaizari Aliyeficha Hesabu

Ndugu wanachama, na ninyi vijana mnaokalia madawati tuliyoyakalia sisi: mwaka 1453 tuliukariri kwa ajili ya mtihani, tukapata maksi zetu, basi. Mtu aliyekuwa nyuma ya tarehe ile hatukujishughulisha naye.

Huyo ni Constantine XI Palaiologos. Alitangazwa kaizari wa Rumi ya Mashariki mwezi Januari 1449, huko Mistra, kusini mwa Ugiriki. Dola ambayo zamani ilitawala hata Misri ilikuwa imebaki na Constantinople, visiwa vichache na sehemu ya Ugiriki kusini. Mji wenyewe ulikuwa na watu kama 50,000 tu, na ndani ya kuta zake palikuwa na mashamba. Pigo kubwa lilitoka kwa Wakristo wenzao, wapiganaji wa Msalaba walioupora mji mwaka 1204.

Sisi tulio serikalini tunajua maana ya fungu lililokwisha. Fundi wa mizinga, Orban, Mhungaria, alikuja kwanza kwa kaizari kutafuta kazi. Hazina haikuweza kumlipa. Akaenda kwa Sultani Mehmed II, kijana wa miaka 21 wakati wa vita, naye akalipwa vizuri. Kwa hiyo mzinga uliobomoa ukuta ulitengenezwa na fundi ambaye mwenye ukuta alishindwa kumwajiri!

Mji ulizingirwa tangu Aprili 1453. Kaizari alimwagiza msiri wake, George Sphrantzes, ahesabu wanaume wa mji wanaoweza kushika silaha. Hawakufika 5,000, wageni waliokuja kusaidia walikuwa kama 2,000. Waturuki walikuwa makumi ya maelfu. Kaizari akaamuru hesabu hiyo iwe siri.

Nimekaa katika mikutano ambamo takwimu zilifichwa, na mara nyingi ilikuwa kulinda kiti cha mtu. Huyu alilinda mioyo ya watu wake. Hata hivyo jambo hili linanisumbua. Sultani alitoa nafasi: mji utolewe, kaizari aende zake, raia wasalimike. Alikataa. Je, wale raia wasioijua hesabu wangekataa pamoja naye? Mimi nadhani walistahili kuambiwa. Lakini siwezi kumwita mwoga wala mdanganyifu, kwa sababu hakuwatuma wengine kufa naye akapanda merikebu.

Alfajiri ya Mei 29 Giustiniani, kamanda kutoka Genoa, alijeruhiwa akaondolewa ukutani, na safu ikavunjika. Kaizari alikufa katika vita hiyo. Maiti yake haikutambuliwa kwa hakika.

Sphrantzes alitekwa, akakombolewa, na uzeeni akawa mtawa katika kisiwa cha Corfu. Huko aliandika kumbukumbu zake, na ile hesabu ya siri akaiweka humo.