Mizani ya miwa na jaribio la cheche

MIWA inayofikishwa na matrekta katika Kiwanda cha Sukari cha Muhoroni, kilichoanzishwa mwaka 1966, hupimwa mara mbili: trela ikiwa imejaa, kisha ikiwa tupu. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo tani za mkulima, na kwa miaka mingi malipo yake yamehesabiwa kwa tani hizo. Trela tupu ikisomwa kuwa nzito kuliko ilivyo, hasara ni yake.

Ndiyo maana mizani ya elektroniki haina budi kuhimili umemetuli, yaani chaji inayojikusanya vitu vinaposuguana na kuachana, kama soli ya kiatu na sakafu ya plastiki. Mwili hauhisi cheche yake mpaka ifike yapata volti 3,000. Mizani nayo hutegemea vihisi vya uzani chini ya jukwaa, ambavyo hata trela ikijaa hutoa ishara ya sehemu chache tu za mia za volti moja. Cheche ikipenya humo inaweza kubadilisha tarakimu, kukwamisha kompyuta, au kujeruhi kijisehemu kimya kimya, hitilafu ijitokeze majuma kadhaa baadaye.

Namna ya kujaribu imeelezwa katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61000-4-2. Fundi hutumia kifaa chenye umbo la bastola, ndani mna kapasita ya pikofaradi 150 na ukinzani wa omu 330, ili kuiga mkono wa mtu ulioshika kipande cha chuma. Kwa volti 8,000, mkondo hupanda hadi ampea 30 katika muda wa takriban sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Unyevu wa chumba huwekwa kati ya asilimia 30 na 60, kwani hewa nyevu hupunguza chaji.

Kwa mizani, pendekezo R 76 la shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, OIML, linataka volti 6,000 kwa kugusa na 8,000 kupitia hewani, angalau mara kumi. Usomaji usipotoke kupita hatua moja ya mizani (kilo 20, kwa mizani inayosoma kwa hatua za kilo 20), au mtambo wenyewe utambue hitilafu na kuionyesha. Kuonyesha namba ya uongo kana kwamba hakuna lililotokea ndiko kunakokatazwa.

Radi, ambayo wakazi wa ukanda wa Ziwa Victoria wanaijua vyema, ni suala jingine na ina kiwango chake.

Linalosahauliwa mno ni kwamba jaribio hili hufanyiwa sampuli, maabarani. Mkaguzi anayepiga muhuri chini ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, hutumia mawe ya uzani unaojulikana, hapigi cheche. Waya wa ardhi ukikatika, au kifuniko cha chuma kisiporudishwa baada ya matengenezo, cheti hubaki kabatini ilhali kinga imetoweka. Dalili ya kutiliwa shaka ni tarakimu zinazoruka karani anapogusa mtambo, au jukwaa tupu lisilosoma sifuri kabla trela haijapanda.