Mulinzi ni nani? Neno moja na historia yake katika Maniema

KALIMA – Kwa familia zilizokimbia vita upande wa Shabunda na kufika hapa teritwari ya Pangi, ulizo ni moja: mulinzi wetu ni nani?

Neno lenyewe ni la zamani kuliko Kiswahili. Linatoka kwa linda, na d inageuka z, sawa vile penda inazaa mpenzi. Ndugu zake wanapatikana katika lugha nyingi za Kibantu. Katika Kinyarwanda na Kirundi, kurinda ni kulinda. Lakini katika Kiganda okulinda ni kungoja, na katika Kizulu ukulinda ni kungoja vilevile. Mkulima wa mpunga anaelewa jambo hilo bila kufundishwa: anayelinda shamba na ndege anakaa palepale, anangoja. Akiondoka, hakuna tena ulinzi.

Enzi za biashara ya pembe na watumwa kule Nyangwe na Kasongo, mwenye bunduki aliitwa askari, neno la Kiarabu. Mwaka 1893 jeshi la Mfalme Leopold II liliteka miji hiyo miwili. Bendera ilibadilika, askari akabaki. Jina hilo linaonyesha silaha. Halisemi silaha inamlinda nani.

Raia nalo lilitoka kwa Waarabu. Asili yake ni kundi la mifugo lenye mchungaji, kisha likawa watu walio chini ya mtawala. Basi ndani ya neno kuna deni: mwenye kundi alichunge.

Mwaka 2005, huko Shabunda, watu walichukua silaha kupinga FDLR wakajiita Raia Mutomboki, ni kusema raia wameasi. Kundi lilichoka kungoja mchungaji. Lakini kuanzia 2011 jina hilo lilienea kwa vikundi vingi, na baadhi vikaweka vizuizi na kutoza kodi kwenye machimbo ya dhahabu. Raia wakakimbia wale waliobeba jina lao.

MONUC ilikuja 1999, ikawa MONUSCO 2010, nayo ikipewa kazi ya kulinda raia. Leo wengine wanaitwa Wazalendo, wapenda nchi.

Majina yanapita. Maana ya zamani inabaki kuwa kipimo kwa wote: mulinzi ni yule anayebaki na watu wakati hatari inafika, bila kuwalipisha njia.