Sayansikimu Kariakoo: Kutoka Uani hadi Chuo Kikuu

Elimu ya familia na matumizi ya nyumbani, yaani chakula, mavazi, makazi, malezi na fedha za kaya, hujulikana Tanzania kwa jina la sayansikimu. Jijini Dar es Salaam haikuanzia chuo kikuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, idara ya maendeleo ya jamii ya serikali ya kikoloni ilihimiza vilabu vya wanawake, na katika miaka ya 1950 pale Mnazi Mmoja kulikuwa na Kituo cha Arnautoglu, kilichopewa jina la George Arnautoglu, tajiri wa Kigiriki aliyekifadhili. Vilabu vilifundisha kusoma, kushona, kupika na usafi wa mtoto. Kielelezo cha mafunzo hayo kilikuwa nyumba ya Kizungu: mume ana mshahara, mke ana nafasi ya kufuma.

Kariakoo ya wakati huo, mtaa wa jirani, haikuishi hivyo. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko na choo vya wote. Wapangaji wa chumba kimoja kimoja walipikia ua mmoja, kila mtu na jiko lake la mkaa. Wanawake wengi walijitafutia riziki kwa maandazi, vitumbua au pombe, na miongoni mwao wapo walioingia chama cha TANU mwaka 1955 wakimfuata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma. Mwenye kukaanga vitumbua alipima unga, mafuta na mkaa kabla ya alfajiri. Akikosea hesabu, mtaji umekatika. Hiyo ilikuwa sayansikimu kamili, ila hakuna aliyeitolea cheti.

Oktoba 1961 chuo kikuu cha kwanza nchini kilifunguliwa katika jengo la TANU, mtaa unaoitwa leo Lumumba, mwendo mfupi tu kutoka Arnautoglu. Kilianza na wanafunzi 14, wote wa sheria. Taifa changa lilihitaji wanasheria, hilo halina ubishi. Mambo ya jikoni yakabaki ya semina za UWT, jumuiya ya wanawake iliyoundwa 1962, na ya madarasa ya wasichana. Mwaka 1973 sheria iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe, na lishe ikapata watafiti wake jijini. Shahada yenyewe ya sayansikimu ilikuja kupatikana Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichojitenga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1984. Mtaala uliobeba sayansikimu pamoja na lishe ya binadamu ulipanuka baadaye hadi kuitwa masomo ya familia na mlaji.

Mlaji huyo anaonekana vizuri zaidi sokoni. Jengo la Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, na huko chini, Shimoni, ndiko mizigo ya jumla ilikoshukia. Kwa rejareja, nyanya hupangwa mafungu. Zikiadimika, mara nyingi bei ya fungu haiguswi. Inapungua nyanya moja. Mamalishe anayenunua hapo naye hupunguza mchuzi badala ya kupandisha bei ya sahani, maana mteja wake, mbeba mizigo, ana kiasi kilekile mfukoni.

Arnautoglu sasa ni chuo cha maendeleo ya wananchi. Utaalamu wa Kariakoo ulitangulia shahada kwa miaka mingi, na mtaala wowote usioanza na hesabu ya mamalishe una pengo.