Wachoraji, Wasomaji na Daftari Nililolichoma

Mwezi Julai mwaka 2018 nilikuwa katika mji wa San Diego, Marekani, kumtembelea binti yangu anayeishi huko. Siku moja mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na minne, aliniambia, "Babu, leo twende ukaone mahali ambapo hata wazee wanacheza." Mama yake alikuwa ametafuta tiketi zetu miezi mingi kabla. Nikachukua kofia yangu nikamfuata.

Tuliingia katika jumba kubwa la mikutano lililo kando ya bandari. Nje, watu walikuwa wamelala usiku kucha kwenye foleni. Ndani niliwaona watu wazima, wake kwa waume, wamevaa ngozi za bandia, mabawa na vinyago, kila mmoja amejifanya shujaa fulani wa vitabu vya katuni. Nilicheka kimoyomoyo. Lakini mjukuu wangu alinipeleka upande mwingine wa ukumbi, kwenye safu za meza ndogo ndogo, na kicheko changu kikakoma. Pale walikaa wachoraji wenyewe, na mbele ya kila mmoja palikuwa na mstari wa wasomaji wake. Nilimwona mtu mwenye mvi ameshika kitabu chakavu kilichofungwa katika nailoni, akimweleza mzee aliyekuwa ameketi kwamba alikisoma akiwa mtoto, mwaka ule baba yake alipofariki. Akashindwa kuendelea. Mchoraji akamshika mkono, kisha akatia sahihi.

Ndugu msomaji, mimi nilifundisha historia kabla ya kuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mwalimu wa historia akiona mto hutaka kujua chemchemi yake. Niliporudi nyumbani kwa binti yangu nikaanza kusoma habari za jambo lile.

Vitabu vya katuni vilishika kasi Marekani mwaka 1938, alipotokea Superman. Waliombuni ni vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Haki za shujaa wao waliziuza kwa dola 130 tu, na kwa miaka mingi utajiri uliotokana naye ukawapita kando. Watoto walimjua Superman kuliko walivyowajua waliomzaa. Ndivyo ilivyokuwa kwa wachoraji wengi wa wakati ule: kazi zilitoka bila majina yao, au kwa jina la kampuni.

Kisha yakaja mambo yanayotuhusu sisi walimu. Mwaka 1948, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, wanafunzi walikusanya vitabu vya katuni, wakavichoma moto hadharani huku wakubwa wao wakiunga mkono. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto. Mwaka huo huo kamati ya Baraza la Seneti ikasikiliza mashauri juu ya suala hilo, na wachapishaji kwa hofu wakajiwekea kanuni kali za kujikagua. Kampuni kadhaa zilifungwa, wachoraji wakakosa kazi, na wengine wakaona haya hata kuwaambia majirani wanachofanya.

Sasa, watu walioaibishwa namna hiyo walifikaje kuketi kama wafalme mbele ya wasomaji wao? Jibu ni dogo, nalo lilinishangaza: ni anwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mhariri mmoja wa New York, Julius Schwartz, alianza kuchapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Msomaji wa kijiji kimoja, aliyedhani yuko peke yake duniani, akagundua mwenzake yuko mji wa pili. Wakaanza kuandikiana.

Waliotangulia kuwakusanya walikuwa walimu! Jerry Bails alifundisha chuo kikuu huko Detroit, na Roy Thomas alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari katika jimbo la Missouri. Mwaka 1961 Bails, akisaidiwa na Thomas, alitoa jarida dogo la wapenzi wa katuni, Alter Ego. Toleo la kwanza lilitolewa kwa mashine ya kurudufu, ya aina ile tuliyotolea mitihani sisi, inayowaacha walimu na vidole vya zambarau. Mwaka 1965 Thomas aliacha ualimu, akawa mwandishi wa katuni mwenyewe. Msomaji akavuka mto akawa upande wa watunzi.

Mwezi Julai mwaka 1964 watu kadhaa wachache walikutana New York kwa siku moja. Mchoraji Steve Ditko, mmoja wa wabunifu wa Spider-Man, alifika. Mwezi Agosti mwaka 1970 ikawa zamu ya San Diego: Shel Dorf na wenzake, wengi wao vijana wa umri wa shule, walifanya mkutano wa siku tatu katika hoteli ya U.S. Grant. Walikuja watu wapatao 300, na miongoni mwa wageni alikuwa Jack Kirby, fundi aliyeshiriki kuwabuni Captain America na Hulk. Mkutano huo ndio huu niliouona mimi, ambao siku hizi hukusanya zaidi ya watu 130,000.

Yako mambo mawili ambayo mikutano ile ilinifunza. La kwanza ni la Carl Barks, aliyechora hadithi za bata Donald tangu mwaka 1942, akambuni na mjomba wake tajiri, Scrooge, mwaka 1947. Jina lake halikuandikwa popote. Watoto, kwa macho yao tu, walitambua kwamba kati ya wachoraji wa bata yupo mmoja aliye bora kuliko wengine, wakampa jina la "mchoraji mzuri". Barua ya kwanza kutoka kwa msomaji aliyemgundua ilipomfikia, karibu mwaka 1960, Barks alishuku kwamba ni mwenzake anamfanyia mzaha. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Mwaka 1977 alialikwa San Diego.

La pili ni la Kirby. Katika miaka ya 1980 alidai kurasa za asili alizozichora kwa mkono wake, ambazo kampuni ya Marvel ilikuwa imezishikilia. Wachoraji wenzake na wasomaji walipaza sauti pamoja naye, na mwaka 1987 akarudishiwa kurasa zipatazo elfu mbili, kati ya nyingi zaidi alizochora. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nafika sasa kwenye daftari langu. Mwaka 1989 nilikuwa mkuu mpya wa chuo, mwenye ukali wa mtu anayeogopa kudharauliwa. Wakurufunzi walisoma kwa siri gazeti la Sani, wakicheka vituko vya Ndumilakuwili na Lodilofa. Mmoja wao akaanza kuchora hadithi yake katika daftari la mazoezi, sura moja kila juma, na daftari likazunguka mabweni yote. Ndani yake alikuwamo mkuu wa chuo mwenye pua ndefu na miwani. Nilipolikamata niliwaita wote mstarini, nikalitia katika moto wa jikoni mbele yao. Hakuna aliyesema neno. Nililala usingizi mzuri usiku ule, Mungu anisamehe.

Niliporudi kutoka Marekani nilimtafuta. Nilimkuta ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, naye ana mvi. Alinikaribisha chai, akaniita "Mkuu" kama zamani. Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkuu, adhabu nilistahili, pua yako niliizidisha. Kilichoniuma ni hadithi kutokwisha. Wenzangu tukikutana mpaka leo huniuliza, yule mwizi wa sukari ya chuo alikuwa nani? Nami nimesahau."

Nilidhani nilichoma karatasi kumi na sita. Kumbe wale vijana mabwenini walikuwa wasomaji, na yeye alikuwa mtunzi wao, na ule mstari wa kupokezana daftari ulikuwa mkutano wao. Niliuvunja mimi, mwalimu, ilhali kule kwingine walimu wenzangu ndio waliojenga.

Mwezi uliofuata nilimpelekea daftari jipya, kubwa, na penseli za kuchorea. Alishukuru. Hajaniambia kama amechora chochote, nami sijamuuliza.